Ukuta Ni Mita Sita

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu ya kufundisha uchoraji wa ramani za vyumba. Wanafunzi kumi na wawili wa upambaji wa ndani, na wote walidhani wamekuja kuchagua rangi za mito ya makochi. Mmoja ni mama mtu mzima, tunamwita Bi Pazia kwa sababu ndiyo biashara yake. Leo ameshika penseli kama mwiko, akaniuliza: "Madam, hii mistari itatuletea wateja lini?" Nikamwambia siku pazia lake litakapogusa sakafu bila kuburura. Akacheka. Akachonga penseli.

Nimewapeleka chumba cha maonyesho. Wawili wawili: mmoja ashike mwanzo wa tepu, mwingine asome. Ndoano ya tepu yangu imelegea, inacheza, kwa hiyo tunaanza kwenye sentimita kumi, halafu tunatoa kumi. Ukuta wa nyuma: mita sita. Jozi tano zimepata hivyo. Bi Pazia na mwenzake wamepata sita na sentimita kumi. Nikamrudishia Bi Pazia tepu. Akatazama tepu, akatazama ukuta, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Sijatoa kumi!"

Hatasahau tena. Hilo ndilo somo zima.

Jumatano, 6 Machi

Ramani zao zimekamilika. Moja kwa hamsini: kila sentimita mbili za karatasi ni mita moja ya chumba. Safi? Hata. Mistari imetetemeka, raba zimetoboa karatasi. Lakini ukuta wa nyuma una sentimita kumi na mbili kwenye karatasi zote! Nilitaka kulia. Sikulia. Mimi si wa kulia mbele ya watu.

Mkuu wa idara akaingia, akazipitia, mikono nyuma. Akasema zote zimekosea. Zote! Ukuta ule ni mita tano na sabini. Ndivyo inavyosema ramani yake, ile iliyo kwenye fremu ofisini, na kwa ramani hiyo ameshaagiza kabati la ukuta mzima. Wageni wanakuja Jumanne kulitazama. Anataka darasa lirudie kazi kwa kunakili ramani yake. Atakayekataa amefeli.

Bi Pazia alinitazama. Wote walinitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeenda ofisini kwake na rula. Ramani yake ni kopi. Kopi ya kopi ya kopi — namba za vipimo zilishafifia zikawa kama vumbi. Bado imeandikwa moja kwa hamsini. Chini kuna mstari wa kipimo, "mita tano". Ulipaswa kuwa na sentimita kumi. Nimeweka rula: tisa na nusu. Mashine ya fotokopi ilipunguza mchoro, mita sita zikawa tano na sabini, naye akaupima kama vile haujapunguzwa! Kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Nilimwonyesha. Kwa adabu, naapa. Hakuinama hata kutazama.

"Binti, ramani hii niliichora wewe ukiwa unatambaa."

"Ndiyo, Mkuu. Na uliichora vizuri. Mashine ndiyo iliyoiharibu."

"Fundi ameshakata mbao."

Hapo ndipo nilipoelewa. Si kwamba haamini. Amechelewa kuamini.

Kisha, taratibu, akifunika kalamu, akasema: mkataba wangu unaisha na muhula. Karatasi ya alama niisaini kufikia Jumanne, alama zifuate ramani ya idara. Nikasema sitasaini alama hizo. Maneno yalitoka mazima.

Jumamosi, 9 Machi

Mama yangu hakumung'unya maneno. "Uache kazi kwa sentimita thelathini?"

Nikamwambia watu kumi na wawili watafeli kwa sababu wamepima sawasawa.

Alikuwa anapinda gauni la mteja, pini mdomoni. Nikamuuliza, yeye akikosea sentimita mbili kiunoni inakuwaje? "Mteja hapumui." Akatoa pini. "Lakini mimi sina bosi, mwanangu."

Nimefua. Nimepiga pasi. Nimepanga vitabu kwa urefu. Najiuliza kama ninatetea ukweli au kiburi changu tu. Labda vyote viwili. Basi na viwe vyote viwili! Hata nikiwa na kiburi, ukuta ni mita sita.

Jumatatu, 11 Machi

Hakuna aliyenakili. Sikuwaambia wakatae — niliwaambia wachague. Wameleta ramani zilezile. Bi Pazia amepitishia vipimo vyake wino. Wino!

Jumanne, 12 Machi

Naandika nikiwa kwenye ngazi, nje ya chumba cha maonyesho.

Kabati lilifika saa tatu. Kazi nzuri, milango imenyooka. Fundi na wenzake wakalisukuma kushoto mpaka likagusa ukuta. Kulia pakabaki pengo. Bi Pazia akaingia kwenye pengo, ubavu mbele, akaenea.

"Hapa tuweke nini, Mkuu? Pazia?"

Fundi akainua mikono. "Mimi nimefuata karatasi, bosi."

Mkuu akauliza nani ana tepu. Alijua nani ana tepu. Nikaitoa mfukoni, nikampa. Akatuamuru sote nje, hata fundi, akafunga mlango. Wageni wanafika saa nane.

Nasikia tepu ikivutwa, ikirudi kwa kishindo. Inavutwa tena. Mara ya nne hii. Yuko peke yake, na ndoano haishiki.

Bi Pazia amesogea mlangoni. "Mkuu! Unaanza kumi, unatoa kumi!"

Wenzake wameziba midomo kwa viganja. Mimi sicheki. Karatasi ya alama iko mkobani. Nimeijaza asubuhi, alama zao halali, na nimeisaini.

Tepu imenyamaza. Kitasa kinazunguka. Mlango umefunguka kiasi cha uso tu. Anasema anahitaji mtu wa kumshikia mwanzo. Hasemi nani. Hanitazami.

Bi Pazia ananipokonya kalamu, anataka niingie nikamshiki—