Maziwa Tuliyokunywesha Buhemba

Mdogo wangu Nyangeta,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko uliko? Maumivu yamekuachia? Sisi hapa Musoma tunaendelea, ila mimi nina hasira. Nimeungama kwa padri mara mbili, haijatoka.

Shemeji, mumeo, ndiye alianza. Ulipotoka damu puani na mabaka meusi mapajani, akasema, "Ni zebaki hiyo, si anaosha dhahabu?" Huko machimboni Buhemba kila aliyeshika zebaki ananyweshwa maziwa kutoa sumu. Ukanyweshwa, asubuhi na jioni, miezi mizima. Na mimi dada yako ndiye nilikuwaga napakia madumu ya maziwa yako kwenye gari pale Butiama! Ukanitania, "Dada, mwisho nitazaa ndama." Nikacheka. Nilicheka, Nyangeta.

Tulipokufikisha hospitali wakakuta kansa ya damu, imeshakushinda.

Juzi nilimrudia yule daktari wa kike aliyekutibu, nikamfokea: mbona hamkujua mapema? Akaniacha nimalize. Akasema kipimo cha kawaida cha damu kingeonyesha kasoro mapema, kama tungekuleta. Kisha akanieleza kuna vitu ndani ya seli vinaitwa RNA. Baadhi hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Nyingine hazitengenezi protini yoyote, kazi yao kuamua maagizo yapi yafuatwe, yapi yanyamazishwe. Kwenye kansa ya damu hizo huvurugika. Wataalamu wanajifunza kuzisoma, wajue kansa ni ya aina gani, na wanatafuta dawa ya kuzirekebisha. Bado ni utafiti, huku kwetu haujafika.

Nililia kwa hasira. Damu yako imejaa habari, sisi tunabishana ng'ombe yupi ana maziwa mazito!

Sasa sikia. Jana mwanao Rhobi naye katoka damu puani. Shemeji kapiga simu: "Dada, leta maziwa." Nilivyomjibu siandiki hapa. Nikaenda Buhemba, nikamchukua mtoto, wazee wa ukoo wananizomea, "Mwanamke anaiba mtoto huyo!" Niibe tu. Daktari anasema mara nyingi si kitu, na ugonjwa wako kwa kawaida haurithiwi, ila tupime. Leo ametolewa damu. Majibu kesho.

Nakuahidi, yakija vyovyote, nitakuwa naye, hata wakitutuma hospitali kubwa ya Mwanza. Hakuna wa kunishauri tena kabla ya daktari.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Nijibu upesi, hata kwa ndoto, uniambie kama umenisamehe.

Dada yako,
Wegesa