Sita Kati ya Tisa

Jumatatu, 8 Machi 1976

Kopo la mvua: tupu. Mto Mara: maji yako kigingi cha pili, kama jana. Nilikuwa nakunywa uji redio iliposema kimbunga kipo baharini, mashariki ya Madagaska. Uji ukapoa.

Daftari langu lina vimbunga tisa vya upande huo. Kila mara upepo uligeuka ukatoka ziwani; mara sita, ndani ya siku tano, mto ukavuka kingo. Mara tatu, hakuna kitu.

Ghala la kijiji liko bondeni, usawa wa kigingi cha saba. Magunia arobaini ya mbegu, kila kaya lake. Yakilowa, hatupandi. Afisa aliyetuhamishia kijijini ndiye aliyevuta kamba ya kupanga nyumba na ghala, akataka mstari mnyoofu. Nilimwambia mto haufuati kamba. Nikaitwa mpinga maendeleo, nyumba yangu ya mlimani ikabomolewa. Sijasahau.

Jumanne, 9 Machi

Kitambaa nilichofunga mtini kimegeuka. Upepo wa ziwani. Nafurahi, na naona aibu kufurahi.

Jumatano, 10 Machi

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akauliza: "Mafuriko yanakuja au hayaji?"

Nikasema sita kati ya tisa.

"Hilo si jibu. Hesabu ya aliyeishia darasa la pili hiyo."

Wakacheka. Hesabu nilijifunza kwenye mizani ya pamba. Hakuna karani aliyewahi kuniibia hata kilo.

Akasimama Mama Bhoke, mjane, mkubwa kuliko wote pale. "Sikiliza, mura," akamwambia Mwenyekiti, kama anasema na kijana. "Fisi akija siku sita kati ya tisa, zizi unaliacha wazi?"

Mikono ikainuliwa. Hoja ikapita: magunia yapandishwe mlimani, yakae ndani ya kuta zilizobaki za nyumba yangu. Yangu.

Alhamisi, 11 Machi

Punda, vichwa, migongo. Yote arobaini yamefika juu, yamefunikwa maturubai. Mvua vidole vitatu koponi. Kigingi cha tano. Sijala tangu asubuhi, wala sina njaa.

Ijumaa, 12 Machi

Asubuhi cha sita. Adhuhuri cha sita. Nimeshuka mtoni mara kumi na moja. Jioni cha sita. Panda basi, ewe mto.

Jumapili, 14 Machi

Jua. Kigingi cha tatu. Siku tano zimeisha, ghala kavu.

Mwenyekiti alipita na punda wake. "Shikamoo, nabii." Yeye, aliyenizidi miaka ishirini.

Nikaandika daftarini: sita kati ya kumi. Hiyo iliniuma kuliko shikamoo yake.

Watu wanateremsha magunia. Mama Bhoke akaja mlangoni kwangu. Nikamwamkia. Akauliza fisi sasa anakuja siku ngapi. Nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Bado ni fisi. Langu liache huko huko mpaka tupande."

Gunia moja, chini ya turubai bovu. Kesho napanda kuliezekea. Miti ya paa langu la zamani bado iko pale.