Kilindi cha Manus

Donegal, Mei 1835

Kaka Feilim,

Hatujambo. Viazi vimechipua na mama anakusalimu. Juzi alikuja mtu wa serikali anayechora ramani, akanifuata mtoni akiandika majina. Nikamwambia mto wetu unaitwa Bradach, yaani Mwizi, kwa kuwa kila ukifurika hubadili njia na kumega mashamba. Akaandika. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya mto iliyo chini ya shamba letu.

“Na pale, dada? Wanapaita Kilindi cha Manus. Manus ni nani?”

“Shujaa wa kale,” nikajibu upesi. “Alizama akivuka na farasi.”

“Ajabu! Jirani yako kaniambia hakuwa wa kale hata kidogo.” Akatabasamu, akafunga daftari bila kuandika.

Tangu hapo sina raha. Nani kamtuma aulize? Lakini kaka, si yeye tu ninayemshuku. Manus alikuwa mchumba wangu, na maji yale yaliyomzamisha aliyajua tangu utotoni. Nawe ulipanda meli ya Boston siku ya tatu baada ya mazishi yake.

Mbele ya mgeni nimekulinda. Mimi usinifiche: asubuhi ile alipozama, ulikuwa wapi?

Dada yako,
Sorcha