Jina la Bibi Rogathe

Mamba Miamba,
Same.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Priska,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: kwenye karatasi za baba za mahakamani kuna deni moja halimo, na aliyeliacha ni mimi.

Sasa nikusalimu vizuri. U mzima? Goti limepata nafuu? Huko Mbeya najua ni baridi tupu. Sisi tupo, ila baba amekonda, na chai anaiacha mpaka inapoa.

Unajua aliiomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika, baada ya biashara ya tangawizi kumshinda. Wakili alitaka orodha ya watu wote wanaomdai. Baba akataja, mimi nikaandika, maana anausifu mwandiko wangu. Alipofika kwa Bibi Rogathe, magunia sita ya tangawizi ambayo hajamlipa, niliona aibu. Bibi aliyewalea wewe na baba, jina lake lisomwe mahakamani? Nikadhani mambo ya ukoo tutayamaliza wenyewe jikoni. Nikamruka. Baba hakurudia kusoma. Alisaini, akaapa kwamba orodha imekamilika.

Juzi nilisoma barua ya wakili. Shamba letu la Kihurio litauzwa, na watakaogawiwa fedha ni waliomo kwenye orodha tu. Tena anayeficha deni huku ameapa anaweza kushtakiwa. Tangu hapo silali vizuri, na hata vitabu nafungua tu.

Leo kanisani Bibi Rogathe aliniita mbele ya kina mama wenzake: “Wewe karani wa Zephania! Mwambie baba yako magunia yale hayakuwa sadaka!” Wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Shangazi, nakuomba umpigie baba umwambie. Mimi siwezi. Wasalimie Gideoni na Hedwiga.

Jumatano.

Barua ilikuwa bado kwenye atlasi yangu. Nimeona haya kukutuma, kwa hiyo leo asubuhi nilimwambia baba mwenyewe. Hakufoka. Aliuliza tu, “Na mimi nikaapa?” Kisha akavaa koti.

Tulipita kwanza kwa Bibi Rogathe. Nilimweleza kwa nini nilimruka. Akanitazama weee, akasema, “Heshima hiyo nitaipanda shambani, mjukuu wangu? Niandike!”

Tukashuka Same mjini. Wakili alisema ataiomba mahakama irekebishe orodha, lakini hawezi kutuahidi kwamba itakubali. Akanisogezea karatasi. Niliandika: Rogathe Sifael, Mamba Miamba, tangawizi, magunia sita. Baba aliichukua, akasoma orodha yote tangu juu, mstari kwa mstari, kidole chake kikifuata. Ndipo akasaini.

Mungu akutunze, shangazi, na goti lako pia.

Binti wa kaka yako akupendaye,
Jenifer