Karatasi ya Mahudhurio

Shoga, leo nimeumbuka mchana kweupe!

Saa nzima nimewafundisha wenye maduka: mtu akitaka namba ya kitambulisho chako, muulize kwanza ya nini. Makofi hayo!

Halafu mimi mwenyewe nikazungusha karatasi ya mahudhurio: jina, simu, namba ya kitambulisho. Wakajaza wote. Wote, shoga! Kasoro mama muuza vitambaa.

"Mwanangu, namba yangu ya nini?"

"Utaratibu tu, mama."

"Hata matapeli husema hivyo hivyo."

Hata matapeli! Mbele ya watu wote! Kinyozi akainyakua karatasi, akachana mstari wake. Wenzake wakafuata.

Sasa bosi anadai orodha, apate ushahidi kwamba somo limeeleweka. Umebaki mstari mmoja tu: wangu, niliojaza kama mfano.