Karatasi ya Macho Yenye Baba Alishika mu Kichwa

Élisabethville, Kamalondo
Tarehe 12 mwezi wa munane 1958

Mpendwa Shangazi Madeleine,

Jambo sana. Uko namna gani, na magoti yako je? Batoto bote bazima? Siye huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mama anakohoa kidogo, juu ya vumbi.

Ulisikia kama mwezi wa kumi nitaenda Ulaya, kusoma pa université kazi ya kupima macho. Nikishinda, jina yangu itaandikwa mu buku ya serikali ya bapima macho. Muzungu wa duka ya lunettes, miwani ya macho, kwenye ninatumika, akaniazima sanduku ya vioo ya kupimia macho na karatasi ya maherufi, nijizoeze na bantu ya kwetu.

Njo nikaanza na baba. Shangazi, mpaka sasa moyo unanipiga! Karatasi ilikuwa ingali imekunjwa mu mukono yangu. Baba akasimama wima, akaanza kusoma. Mustari ya kwanza mpaka ya mwisho, hakukosa hata herufi moja. Karatasi imekunjwa! Mama eh!

Nikamuonyesha ingine, ya alama bila maherufi. Hata ile kubwa hakuiona. Nikajaribu vioo yote, hakuna yenye ilimusaidia.

Akaniambia bila haya: "Siye bamashinisti tunafundishana ile karatasi sawa katekisimu. Kwa munganga wa kampani iko ile ile moja tu, miaka kumi na mbili." Ndugu yako, Shangazi, mwenye kuendesha gari ya moshi yenye kujaa bantu! Kisha akaniomba, mie, nimufundishe pia ile ya alama!

Nilikasirika, nikalia pia. Akasema: "Hii nyumba ni ya kampani. Bakinifukuza, mama yako atalala wapi?"

Jana nilianza kukuandikia: usikuye kuniaga na gari ya moshi ya siku ya posho, ni kusema Jumamosi; ukuye na ya siku ya ine, juu ile ya posho anaiendesha baba. Kalamu ikasimama. Bashangazi ya bengine, nani atabaandikia? Nikapasua ile barua.

Leo asubui nilienda kwa munganga wa kampani. Nikamuambia juu ya baba, nikamuambia pia abadilishe karatasi. Saa sita kampani ikamutosha baba mu gari ya moshi. Baba hanisemeshi tena. Alikula bukari yake akinigeuzia mugongo.

Musalimie Kaka Godefroid, na Numbi, na mama Claudine. Mungu akushike mukono mu safari. Panda gari ya siku ya posho bila woga, Shangazi. Baba haiendeshi tena.

Mie mutoto wa ndugu yako, mwenye kukupenda,
Liévin Kabwe