Tairi Halina Kengele

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya ghala la mbao,
S.L.P. 318.

Jumatano, 14 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikukute popote ulipo, iwe uko kazini au umeshavua viatu na kuketi. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wale pacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Ule mgongo wako umetulia, au bado unainuka kitandani kwa awamu? Nijibu moja baada ya jingine. Usiniandikie "sote wazima" kama mara ya mwisho, ukadhani umemaliza.

Sisi hapa tunaendelea. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mfereji wa bati ulioufunga kwa waya ulipokuja likizo bado umeshika. Kila fundi anayeuona anacheka, lakini hakuna aliyethubutu kuugusa. Shemeji yako ni mzima wa mwili, ila tangu juzi hasemi nami vizuri, na sababu utaiona huko mbele.

Lile jengo letu wameshabadilisha lifti. Mpya haina mwendeshaji, inaongea yenyewe kwa sauti ya mwanamke. Nilikwenda kuiona, nikapanda mpaka ghorofa ya tisa na kushuka, na hakuna aliyenijua isipokuwa mfagizi. Miaka ishirini na sita nikibonyeza vitufe, kisha nimekuwa abiria. Niliumia, sikufichi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Mwanao Chiriku bado anabeba sampuli za damu kwa pikipiki, kutoka zahanati hadi maabara kuu. Kazi anaipenda, na mdomo haujapungua hata kidogo. Lakini tangu alipoanguka mwaka juzi na kuvunjika mfupa wa bega, kila akitoka getini roho yangu inatoka naye. Na wewe usikae huko mbali ukajifanya haya hayakuhusu. Ni nani aliyemketisha kwenye tangi la pikipiki yake, mtoto ana miaka sita, wakazunguka ua mpaka kuku wakahama?

Mwezi uliopita tairi lake la nyuma lilikuwa kipara kabisa. Nikajitolea kwenda kumnunulia jipya, maana yeye hana nafasi na mimi sina kitu kingine ila nafasi. Akaniandikia kwenye karatasi: kipimo cha tairi, kisha 57, kisha herufi P. Akasema, "Baba, hivi hivi kama nilivyoandika. Usije ukabadilisha hata nukta."

Dukani muuzaji alinieleza kwa subira. Ile 57 ni ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, na herufi inayofuata ni ya mwendo. Ukutani ana jedwali lake: J ni kilomita mia kwa saa, L mia na ishirini, P mia na hamsini, na nyingine zinapanda hivyo hivyo. Ni H peke yake iliyokwenda kukaa nyuma ya U, sijui ilichelewa foleni. Alikuwa na matairi mawili ya kipimo kile, yote yana 57. Moja P, jingine J.

Niliposikia kilomita mia, nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Kumbuka mimi nimeishi ndani ya lifti. Yangu ilikuwa na kibati ukutani: WATU WANANE. Akiingia wa tisa, kengele inalia na mlango unakataa kufunga, na hata awe mkurugenzi mwenyewe atashuka. Nikaona tairi nalo ni hivyo hivyo. Mia ni mia. Chiriku akitaka kuvuka, gurudumu litagoma.

Nikamwambia muuzaji anipe J. Akasema, "Mzee, karatasi yako inasema P." Nikamjibu, "Huyu ni binti yangu, nataka aende polepole." Akacheka akidhani natania, akageukia mteja mwingine.

Fundi wa pikipiki alikuja kulifunga hapa hapa uani, Chiriku akiwa anaoga. Alisoma kipimo, herufi hakuitazama. Mtoto alipotoka akaniuliza, "Umepata lile lile?" Nikamjibu, "Lile lile." Nikamtazama machoni nikasema hivyo, mdogo wangu. Sijawahi kumdanganya yule mtoto hata kuhusu sindano.

Basi nikakaa wiki tatu kwa raha. Akichelewa kurudi, mama yake anachungulia dirishani, mimi najisemea moyoni mia ni mia, na chai inashuka vizuri.

Juzi Jumatatu nikapita kibandani kwa fundi kumsimulia ujanja wangu, nikitarajia anisifu. Aliweka spana chini. Akasema, "Mzee, kaa kwanza." Nikakaa kwenye kopo la rangi.

"Lifti yako ilikuwa na kengele," akaniambia. "Tairi halina kengele. Ile herufi haimzuii mtu, inakwambia tu uwezo wake unaishia wapi. Ukipita hapo linakwenda tu, linakupeleka, lakini linapata joto ndani kwa ndani. Likishachoka linaachana tabaka kwa tabaka, na halikupi taarifa." Kisha akaniuliza pikipiki ya Chiriku inakwenda ngapi. Nikasema nimewahi kumsikia akitaja mia na thelathini. Fundi akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

Ungeniona nilivyorudi nyumbani. Goti sikulisikia. Maana Chiriku hayupo. Tangu Jumapili yuko kituo cha mbali, kilomita mia tatu kutoka hapa, anamshikia mwenzake zamu ya wiki moja. Barabara ya huko ni ndefu na imenyooka, na malori yenyewe yanakimbia kama yameiba.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilipiga mara sita mfululizo, nimesimama sebuleni na kofia kichwani. Shemeji yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini, ikabidi nimwambie yote, kuanzia karatasi mpaka lile neno "lile lile". Alivua miwani, akaiweka mezani, akasema, "Baba Chiriku, ungeniuliza." Basi, hakuongeza. Ningeshukuru kama angenigombeza.

Yeye ndiye aliyepata akili ya kuandika ujumbe: baba amekosea tairi, ni J, usizidishe mia. Tukaketi kuitazama simu pale mezani.

Baada ya nusu saa ikalia. Kabla sijasema halo, Chiriku akauliza, "Mama ni mzima?" Sauti haikuwa yake. Nikasema mama huyu hapa. Akawa anapumua tu, na mimi nasikiliza anavyopumua.

Nikamweleza habari ya tairi. Akasema, "Tairi? Baba, najua. Niliiona herufi siku ile ile, nikipima upepo. Nilidhani la P halikuwepo, ukaona haya kurudi mikono mitupu. Sikutaka kukuaibisha. Wiki tatu hizi sivuki tisini."

Nusura nimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikaikumbuka ile sauti yake ya mwanzo, nikamuuliza, "Na leo?"

"Leo sikuangalia, Baba. Nilisimama kukaza mkanda wa sanduku la sampuli, nikaona simu sita za nyumbani, na mtandao umeshakata. Nikajua ni Mama. Nimekimbiza mpaka kituo cha mafuta ndipo nikapata mtandao, nikapiga bila kusoma ujumbe wowote." Nikamuuliza alikimbiza ngapi. Akasema mia na ishirini na kitu, labda zaidi, macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Umeelewa, mdogo wangu? Wiki tatu nzima tairi lile halikuvuka mia hata mara moja. Aliyelivusha ni mimi, nikiwa sebuleni kwangu na simu mkononi.

Nilirudi kwa fundi. Anasema huenda halikupata kitu, huenda limeanza kuachana ndani. Kwa macho ya nje huwezi kujua. Chiriku amelikagua na kulipapasa lote, anasema liko sawa. Huko aliko hakuna duka lenye kipimo chake. Nilinunua la P jana asubuhi, nikalipeleka kwenye ofisi ya mizigo ya basi, nikaambiwa basi la huko linaondoka Ijumaa tu na mizigo hukabidhiwa Jumamosi mchana, wakati Chiriku atakuwa ameshaanza safari ya kurudi. Nikamwomba Chiriku alisubiri. Akasema, "Baba, sampuli hazisubiri. Nitakuja mwendo wa sitini, kama bibi harusi." Alitaka nicheke, nikacheka.

Kwa hiyo tairi la P limeegemea ukuta hapa sebuleni, kando ya kiti chake. Linanuka upya nyumba nzima. Nimelifuta vumbi mara mbili, na halina vumbi. Shemeji yako ameichukua simu na kuiweka kwenye mfuko wa aproni yake, na mimi sijaiomba. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Simu naiogopa, na mikono inataka kazi.

Enzi za lifti, mtu akikwama kati ya ghorofa nilikuwa najua la kufanya. Nilimwita kwa jina kupitia mlango, nikamwambia atulie, nikazungusha gurudumu la mashine ya lifti kule juu mpaka akashuka. Hapa sijui hata nizungushe nini.

Nisalimie shemeji mwalimu, umwambie kitambaa alichonitumia kimekuwa shati zuri, kola tu ndiyo inayonikaba. Wasalimie pacha, mnene na mrefu, na wasigombane. Shangazi yetu mfupi akipita kwenu, mwambie mwavuli wake uko kwangu salama. Mama Chiriku naye anakusalimu. Ameniambia mwenyewe nikuandikie hivyo, labda ameanza kulainika.

Nakuomba jambo moja. Najua kufikia hapa mkono wako unatafuta simu umpigie mwanao. Usimpigie, anaweza kuwa njiani. Kisha nakumbuka kwamba barua hii itakufikia baada ya wiki mbili, posta wakiwa na huruma. Wewe unayeisoma, Jumamosi imeshapita zamani. Mimi bado niko Jumatano. Kama hakuna aliyekupigia kutoka huku kabla ya barua hii kufika, basi jua kwamba alifika, kwamba nilisikia pikipiki getini kabla ya mama yake kuisikia, na unicheke utakavyo.

Mungu awe nawe ukitoka, na awe nawe zaidi ukirudi.

Ni mimi nikupendaye siku zote,

Kaka yako wa lifti